Sindano ya Nakunda

Umfumbaye macho leo, kesho hupapasa. Jana mlinisikia nikimwambia jirani maneno hayo, mkaniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Upareni milimani, kabla simu hazijafika, alikuwako mama mmoja, Naetwe, na binti yake Nakunda, wa miaka kumi na mmoja. Nakunda alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kuchomwa sindano asubuhi na jioni. Dawa ilikaa ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, ipate ubaridi. Naetwe alimwonea mwanawe huruma kupita kiasi. Kila akishika sindano alisema, "Fumba macho, mwanangu, usione." Mtoto akafumba, miaka miwili.

Siku moja Naetwe alikwenda msibani ng'ambo ya mlima, arudi kabla ya jioni. Mvua ikaporomosha udongo, njia ikaziba. Nakunda alikuwa ameachwa kwa shangazi yake, Mbonea.

Jioni shangazi akaleta chungu.

"Haya, mama yako huvuta mpaka mstari wa ngapi?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui! Si wewe unayechomwa?"

"Huwa nafumba macho."

Mbonea akacheka, akidhani anataniwa. Alipomtazama usoni kicheko kikaisha. Dawa ile ikizidi huua, na hilo alilijua. Akairudisha chunguni bila kumchoma.

Asubuhi mtoto alikuwa anatapika na kuhema kama aliyepandisha mlima. Majirani wakambeba kwa kitanda mpaka hospitali. Siku mbili hakumtambua mtu.

Naetwe alipofika alimkuta amezinduka. Muuguzi, mama mtu mzima, akaja na sindano, akampa Nakunda. Naetwe akanyoosha mkono.

"Lete, atajiumiza."

"Kaa, Mama Nakunda. Ulimfumba macho, na juzi alikuwa anapapasa mlango wa kaburi. Hatoki hapa mpaka ajichome mwenyewe, wewe ukiangalia."

Muuguzi akamwonyesha hatua kwa hatua na kumtajia mstari wake; Nakunda, macho wazi, akavuta dawa, akaigonga sindano kwa ukucha mapovu yatoke, akasoma mstari kwa sauti. Kisha akajichoma pajani.

"Kumbe ndiyo hii tu?"

Wodi nzima ikacheka, isipokuwa mama yake, aliyekuwa analia.

Akina mama wa wodini waliyachukua maneno ya muuguzi, wakarudi nayo makwao. Basi nanyi mkiwa na mgonjwa mdogo nyumbani, mwonyesheni dawa yake, msimamieni mpaka aweze. Njia haisemi itaziba lini. Umfumbaye macho leo, kesho hupapasa.