Bei ya Mpunga Siku ya Maji

Hapo zamani, si ile ya babu zetu bali hii ya juzijuzi, simu zilipokwisha kuingia hadi mashambani, palikuwa na umoja wa wakulima wa mpunga katika bonde la mto Mkwesa. Umoja ulikuwa na tovuti, lakini aliyeweza kuigusa alikuwa mmoja tu, fundi aliyekaa mjini. Ukimtumia habari za mbegu wakati wa kupanda, anaziweka wakati wa kuvuna. Wakulima wakachoka. Wakasema, "Tutafute mfumo mpya wa tovuti, tuandike wenyewe."

Akaja muuzaji na mfumo wake. Picha zinacheza, rangi zinawaka, kamati nzima imeachama. Katibu wa umoja, Otilia Mpangamila, peke yake hakupiga makofi.

"Kaka," akasema, "twende shambani."

Wakafika katikati ya majaruba. Otilia akaazima simu ya mkulima, ya bei nafuu, kioo kimepasuka. "Fungua hapa." Muuzaji akafungua. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Mkulima akapalilia mstari mzima, akarudi, kiduara bado kinazunguka.

"Mtandao wenu mbovu," muuzaji akalalamika.

"Ndio huohuo tulio nao."

Kamati ikanuna, lakini Otilia alibishana nao mpaka wakachukua mfumo mwingine, usio na madoido, wa Kiswahili, unaofunguka upesi kwenye simu yoyote. Mwenyekiti, Mzee Ligumbiro, akakubali kwa sharti: "Habari haitoki bila idhini yangu. Bei ya mpunga tu ndiyo itoke moja kwa moja, maana inabadilika kila siku."

Haya, mfumo ukawekwa. Nani aliandika? Hakuna. Nani alisoma? Hakuna. Kila mtu aliogopa kuuharibu.

Ndipo bwana shamba, Evarist Ngwembe, akapanda pikipiki. Kijiji hiki, kijiji kile. "Andikeni uongo wowote, kisha tutaufuta," akawaambia. Wakaandika kwamba jogoo wa jirani anagombea udiwani. Wakacheka, wakafuta, wakaandika tena, woga ukawatoka. Kila kijiji kikachagua mwandishi wake, na bonde zima likazoea: watu wakimaliza chakula cha mchana, wanafungua ukurasa wa bei.

Siku moja ya masika, Zamoyoni, mama muuza maandazi na mwandishi wa kijiji cha juu mtoni, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika bei kila siku, aliona mto umegeuka rangi ya udongo, unabeba miti na mizizi yake. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Huko chini, kijijini Lusanje, jua linawaka na watu hawana habari.

Zamoyoni akaandika tahadhari. Mfumo ukamjibu: *Inasubiri idhini.* Akampigia Mwenyekiti. Akampigia Otilia. Akampigia Ngwembe. Wote walikuwa harusini, muziki umepamba moto, simu hazisikiki. Akajaribu watu wa Lusanje aliowajua. Wako shambani, simu wameziacha nyumbani.

Kisha akafungua ukurasa wa bei, akafuta bei, akaandika: *BEI YA MPUNGA LEO: MAJI YANAKUJA. PANDENI KILIMANI SASA HIVI.*

Lusanje wakarudi kula, wakafungua bei.

"Eh! Bei gani hii?"

"Zamoyoni hatanii na bei. Twendeni!"

Wakapanda. Watoto, wazee, mbuzi, magunia. Bwana mmoja aliokoa redio kwanza, mama mkwe baadaye, na mpaka leo anasemwa. Maji yakaja, yakazoa vibanda na majaruba. Mtu hata mmoja hakupotea.

Bonde lilipokauka, watu wa Lusanje wakafika ofisini kwa vigelegele, wanaongoza kwa kamba ng'ombe mtamba, mnene, wa maziwa. "Huyu hachinjwi, hauzwi, wala hafugwi na zaidi ya mtu mmoja. Ni wa yule aliyetuokoa. Yuko wapi?"

Otilia akasimama. "Ni mimi. Ningekubali zile picha zinazocheza, maji yangefika kabla kiduara hakijatulia."

Ngwembe akasimama. "Mfumo ulikaa hapa kama sufuria isiyopikiwa. Nani aliwazoesha Lusanje kuufungua? Nani alimfundisha mama huyu kuandika?"

Zamoyoni, aliyekuwa mlangoni na maandazi yake, akafuta unga mikononi. "Mlichagua vizuri, mkafundisha vizuri, kisha mkaenda kucheza. Niliambiwa nisubiri. Sikusubiri."

Mzee Ligumbiro akakohoa. "Na aliyeuacha mlango wa bei wazi je?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, naye akacheka nao. Lakini kicheko kilipokwisha, mwenye kamba alikuwa bado amesimama, anatazama huku na huku, hajui aelekee wapi.

Basi nyinyi mliosikia yote, msaidieni. Kamba ile ampe nani? Je, nani alistahili?