Mistari Arobaini ya Kiu, Arobaini ya Jiwe

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Sham aliishi Sheikh Burhani bin Wardi, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwandishi wa tarikhi aliyeogopa sana kumdhulumu mtu kwa kalamu yake. Aliogopa kupita kiasi, na hapo ndipo alipoteleza.

Alikuwa ameandika habari za mwaka ule liwali alipoufunga mfereji wa mtaa wa wafinyanzi kwa siku thelathini, kwa kuwa walikataa kumpa kiapo cha utii. Maji ya mitungini yalikwisha, na watoto kumi na saba wakafa kwa kiu. Siku ya thelathini wafinyanzi waliuvamia mlango wa mfereji, na jiwe la kijana mmoja likamuua askari. Sheikh aliupa msiba wa watoto mistari arobaini, na wa askari arobaini vilevile, akaihesabu kwa kidole. Kisha akahitimisha: "Pande zote mbili zilidhulumu." Akalala usingizi mnono, maskini, akijiona mwadilifu.

Ada yake ilikuwa kutokitoa kitabu nyumbani kabla hajakisoma mbele ya mtu aliyeyaona yaliyoandikwa, na mtu huyo akakiridhia. Basi akamwalika Bibi Safura, mfinyanzi mkongwe, mama wa yule kijana aliyerusha jiwe. Alimpenda sana bibi huyo. Hata kidau chake cha wino alikifinyanga yeye.

Sheikh alisoma, bibi akasikiliza amefumba macho. Alipomaliza, bibi alifumbua macho.

"Mama, nimemwonea mwanao?" Sheikh aliuliza.

"Hujamwonea, Sheikh wangu. Jiwe alilirusha, na askari yule alikuwa mtoto wa watu. Mwanangu alitubu mpaka anaingia kaburini. Kila Ijumaa akimpelekea mama wa askari mtungi wa maji. Usilifute jiwe lile."

"Basi nimekosea wapi?"

"Kiu ya siku thelathini umeisoma kwa muda uleule wa jiwe la mara moja. Askari umemtaja yeye na babu yake, watoto hukumtaja hata mmoja. Liwali alivisikia vilio siku thelathini, na ufunguo anao. Wote wataulizwa mbele ya Mola, lakini hawataulizwa swali moja."

Sheikh aliona haya, akalia bila kujificha. "Nilichelea kuambiwa nina upande."

"Najua. Wema umekuzidi, baba, ndiyo maradhi yako," bibi alisema, akamsogezea bakuli la maji.

Sheikh aliuosha ukurasa wa mwisho kwa maji hayo mpaka hukumu yake ikafutika. Habari za jiwe aliziacha kama zilivyo. Kisha akachovya kalamu, akamwomba amtajie majina ya watoto. Bibi aliyataja kwa utulivu, akasita kwenye la kumi na saba. Lilikuwa la mjukuu wake, binti wa yule kijana.

Tazameni, ndugu zangu, uadilifu wa bibi yule. Kosa la mwanawe alitangulia kulikiri. Msiba wake mwenyewe hakuutaja mpaka alipoombwa.