Maneno ya Ng'ambo ya Kijito

Paukwa.

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mmelala na njaa? Paukwa, nasema.

Pakawa.

Haya, afadhali. Sogezeni kuni. Mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, maana katika hadithi hii kuna mahali nitawanasa, na nitakayemkuta amelala tutamcheka mpaka mavuno. Bonde zima hili hakuna anayehadithia kunishinda. Anayebisha aje akalie kigoda changu, tuone kama kitamkubali.

Zamani hizo, miti ilipokuwa bado inaitikia salamu, palikuwa na ukoo wa warina asali. Walikaa kwenye nchi ya miti ya miyombo, na kati ya kijiji chao na msitu palipita kijito. Kijito chenyewe hata mbuzi angekiruka. Lakini watu wa ukoo ule hawakukivuka hivi hivi. Kila aliyekwenda msituni alipiga magoti, akachota maji, akasukutua, akatema. Maneno ya nyumbani aliyatema pale pale. Ng'ambo kulikuwa na maneno mengine.

Kisa? Nyuki wanasikia. Ukitaja asali, nyuki anajua umefuata asali. Ukitaja moto, anajua umekuja kumchoma. Basi warina asali wakawa na maneno yao ya msituni ambayo nyuki hawayajui. Na mwiko mkubwa ulikuwa huu: hakuna kuuliza maana, wala hakuna kumwambia mtu maana. Msituni usiulize, nyumbani usiulize, njiani usiulize. Maana ikitamkwa, upepo unaivusha kijito, na nyuki wakishaijua, neno limekufa.

Watoto wa pale walijifunza kwa kufuatana na baba zao tangu meno ya utoto yanang'oka. Lakini binti mmoja, Kalunde, hakufuatana na mtu. Mama yake alifariki angali mchanga, akalelewa na bibi mzaa mama, nchi ya wafinyanzi, mwendo wa siku mbili. Aliporudi kwa baba yake alikuwa msichana mkubwa, anajua udongo wa chungu na udongo wa sahani, ila mzinga hajawahi kuugusa.

Msimu ule ule aliorudi, baba yake, Mzee Mihambo, alianguka mtini akavunjika paja.

Sasa sikilizeni desturi ya wale watu. Mizinga ambayo haikufunguliwa na mkono wa mwenyewe, au mkono wa mtoto wake, hadi mvua ya kwanza inyeshe, inagawanywa kwa ukoo. Ukoo hauna huruma na paja la mtu. Na Mihambo hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na mizinga minane juu ya mti mmoja mrefu wa mtundu, na alikuwa na Kalunde. Basi.

Wazee wakasema, "Mtoto wake ataenda siku tatu. Siku mbili amtazame baba yake mdogo akirina mizinga yake mwenyewe. Siku ya tatu apande mtundu wa baba yake, afungue kwa mkono wake. Akishindwa, tunagawana."

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Jioni ile Kalunde alikaa karibu na kitanda cha baba yake. "Baba, sijui hata neno moja la kule."

Mihambo akamgeukia. "Mimi nami sikuambiwa hata moja," akasema. "Nyoosha blanketi hili mguuni, linanibana."

Siku ya kwanza, Kalunde na baba yake mdogo, Shigela, wakafika kijitoni, wakasukutua, wakatema, wakavuka. Shigela alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa lugha ya nyumbani. Hawajatembea sana, joka jeusi likatokea kichakani likakatiza njia. Shigela akanong'ona, "Nyelengwa." Kalunde hakujua kaambiwa nini, ila alimwona Shigela mguu mmoja umebaki hewani kama wa korongo, naye akaganda pale pale. Joka likapita bila haraka, mkia wake ukaisha majanini. Shigela akashusha mguu, wakaendelea.

Wakafika mtini. Shigela akapanda, Kalunde akabaki chini na mwenge wa maganda makavu unaofuka.

"Legeza ngwasu," Shigela akasema toka juu. Kalunde akatazama huku na huku. Palikuwa na shoka, palikuwa na ndoo ya gome, palikuwa na kamba, palikuwa na kibuyu.

"Ngwasu inanikaza kiunoni," Shigela akasema tena. "Ifunge shinani."

Kitu kinacholegezwa, kinachokaza kiuno, kinachofungwa shinani. Kibuyu hakimkazi mtu kiuno. Kalunde akaishika kamba, akailegeza, akaizungusha shinani. Juu kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa shukrani. Moyo wake ukacheza ngoma. Kumbe maneno haya hayatembei peke yake, akawaza. Yanakuja na ndugu zake, na ndugu zake ninawajua.

Baadaye Shigela akanyoosha mkono chini. "Mbiliwa." Kalunde akautazama ule mkono, akautazama mwenge alioushika, akamfungia mwenge kwenye kamba ukapanda. Shigela akaupokea. Basi, Kalunde akajua: mbiliwa ni mwenge. Akaliweka neno kichwani akafunga mlango.

Na palepale Shigela akasema, "Mbiliwa yote inakwenda na upepo." Kalunde alisikia. Lakini mlango alishaufunga, neno likabisha hodi, likakaa nje.

Kabla hawajamaliza, nyuki wakachachamaa kidogo, mvumo ukapanda. Shigela akajisemea, "Nyelengwa, nyelengwa, nyelengwa," mikono yake ikiwa ndani ya mzinga mpaka viwiko. Mvumo ukashuka. Ndipo mikono ikaendelea na kazi.

Siku ya pili, mti mwingine. Safari hii Shigela alimwambia Kalunde apande naye hadi tawi la kwanza, ashike mwenge karibu. Nyuki walikuwa wengi, wakali. "Zidisha mbiliwa," Shigela akasema.

Kwa kuwa mbiliwa ni mwenge, na mwenge ukizidi ni moto, Kalunde akapuliza. Akapuliza kwa nguvu za msichana anayetaka kusifiwa. Ulimi wa moto ukaruka, ukalamba mdomo wa mzinga, ukawaunguza nyuki mbawa.

Jamani, mmewahi kumwona nyuki aliyeunguzwa? Msimwone. Walimjia Shigela usoni kama mchanga unaorushwa na upepo. Akateleza mtini nusu anashuka nusu anaanguka, na walipofika mbali macho yake yalikuwa yamefumba, sura imevimba kama mkate ulioumuka.

Hakumgombeza. Alisema tu, kwa midomo iliyovimba, "Ningekaa nyelengwa, wangenichoma wawili watatu tu." Akamshika Kalunde bega, wakarudi hivyo, kipofu wa siku moja na kiongozi wake.

Afadhali angegombezwa. Kalunde alimfikisha baba yake mdogo kwake, akarudi kijitoni peke yake kabla jua halijazama, akakaa upande wa nyumbani na kukichukia kichwa chake. Akayarudia maneno yote moja moja, kama anayetafuta ufa katika chungu. Mbiliwa, na mkono ukanyooshwa. Mbiliwa inakwenda na upepo. Zidisha mbiliwa.

Mwenge unakwenda na upepo? Mwenge unakaa mkononi. Kinachokwenda na upepo ni moshi. Baba mdogo alitaka moshi, nami nikampa moto. Na niliambiwa. Niliambiwa jana ile ile, ila nilikuwa nimeshajua.

"Unalia nini, binti Mihambo?"

Alikuwa Nyegere, mgongo mweupe tumbo jeusi, ameketi ng'ambo anajikuna ubavu. Nyegere na asali mnawajua. Ngozi yake nyuki wanaishia kuvunjia miiba.

"Silii," Kalunde akasema.

"Basi macho yako yanavuja. Kesho ni siku ya mtundu, nimesikia. Sasa mimi sina ukoo wala mwiko, na maneno ya warina asali nayasikia tangu sijaota meno. Taja lolote, nikupe maana yake. Bure kabisa."

Bure ya Nyegere, jamani. Lakini Kalunde alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali hata kubebwa na fisi. Lilibaki neno moja lililomsumbua, kwa sababu alilisikia pale tu palipokuwa na hatari.

"Nyelengwa," akasema.

Nyegere akatikisa kichwa kwa huruma. "Hawakukufundisha hilo? Watakuua watu hawa. Nyelengwa maana yake ni achia kila kitu ukimbie. Ukilisikia ukiwa juu, tupa ndoo, shuka mbio. Usigeuke nyuma, usifikiri, usingoje."

"Nimekusikia," Kalunde akasema.

"Wala usinishukuru," Nyegere akasema, akaingia majanini akipiga mluzi.

Kalunde alikwenda nyumbani na ile maana kama mtu aliyepewa kiatu na mgeni. Ni kizuri, lakini mguu wangu je? Akala, akamlisha baba yake, akalala chali anatazama nyasi za paa. Akalichukua neno akalirudisha kila mahali alipolikuta.

Akalirudisha njiani, palipokuwa na joka. Tulikimbia? Hapana. Mguu wa baba mdogo ulibaki hewani.

Akalirudisha mtini, siku ya kwanza. Aliachia kitu? Hapana. Mikono yake ilikuwa mzingani hadi viwiko.

Akalirudisha kwenye ile sura iliyovimba. "Ningekaa nyelengwa." Mtu anakaaje akiwa anakimbia?

Kiatu cha Nyegere hakikuingia hata mara moja. Kalunde akageukia ukutani, akalala.

Siku ya tatu mawingu yalikuwa meusi toka asubuhi. Shigela alikuja na jicho moja lililofunguka kama mpasuko wa kunde. Hakupaswa kugusa mzinga, alipaswa kusimama chini tu. Nyuma yao, umbali wa kutupa jiwe, wazee wawili wa ukoo walikaa kushuhudia. Na kichakani chini ya mtundu, pua nyeusi ilikuwa imetulia, inasubiri ndoo idondoke.

Kalunde akapanda. Alifunga ngwasu kiunoni. Alizidisha mbiliwa, akiulinda mwenge usiwake. Mzinga wa kwanza akafungua, akatoa masega, akayapanga ndooni. Wa pili. Wa tatu. Hadi wa saba. Wa nane ulikuwa juu kabisa, mkubwa, wa zamani, na alipokibandua kifuniko nyuki walitoka wote kwa pamoja, na mvumo wao ukaujaza mtundu mzima.

Chini Shigela akapaza sauti. "Nyelengwa!"

"Umesikia?" Nyegere akaita kichakani. "Tupa, binti Mihambo. Tupa, ushuke. Tupa, wanakuua."

Nyuki wakamtua mikononi, shingoni, kwenye kope. Miguu yake ilitaka kukimbia. Damu yake ilitaka kukimbia. Nywele zake zilitaka kukimbia. Na lugha yote ya nyumbani, kila neno alilolijua tangu azaliwe, ilikuwa inamwambia kimbia.

Kalunde akafumba macho. Akawa tawi. Akaacha hata pumzi ipite puani kwa kunyata. Mmoja akamchoma sikio, akawa tawi. Mwingine akamchoma mdomo, akawa tawi. Wakamtembea, wakamnusa, wakajadiliana juu yake, na mwisho wakachoka, kwa sababu tawi halina habari yoyote ya kumwambia nyuki. Mmoja mmoja wakarudi nyumbani kwao.

Akatia mkono, akatoa masega ya mzinga wa nane. Ndoo ikashuka kwa kamba polepole, ikatua miguuni pa Shigela, haikupungua hata tone.

Kichakani Nyegere akasonya. "Nani kakwambia?" akauliza.

Kalunde akaanza kushuka. Hakukuwa na jina la kumtajia.

Mvua iliwakuta kijitoni. Wazee wakasukutua, wakatema, mmoja wao akasema mvua imejua kungoja, wakaenda zao bila kugawana kitu. Shigela akambebea Kalunde ndoo hadi mlangoni, akamwacha aingie peke yake.

Mihambo alikuwa ameegemea ukuta, paja limefungwa vijiti. Alitaka kuuliza. Lakini alikuwa upande wa nyumbani, na swali lake lilikuwa la ng'ambo. Akabaki anamtazama binti yake midomo ilivyovimba, anatafuta mahali pa kuanzia.

Kalunde akakata sega kwenye bakuli, akamnyooshea kwa mikono miwili. Ndipo nyuki mmoja, aliyesahaulika kwenye ukosi wa nguo yake, akatoka. Akatembea shingoni, akapanda shavuni, akasimama chini ya jicho.

Bakuli halikutikisika. Kope haikupepesa. Mihambo naye, mkono wake uliokuwa unalifuata bakuli, ukabaki hewani. Wakakaa hivyo, baba na mtoto, mpaka nyuki aliponyoosha mbawa akatafuta mlango.

"Kumbe umefika," Mihambo akasema, akapokea bakuli.

Nami ninatua mzigo hapa hapa, hadithi imekwisha, anayetaka mkia wake akaukate kwa Nyegere.

Ngojeni, msiinuke. Nilisema kuna mahali nitawanasa. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Maneno niliyoandikiwa maana zake ubaoni, chaki yake ilishafutika kichwani. Sasa wewe uliyekaa karibu na jungu, nyelengwa ni nini?

Ee, unacheka. Unajua. Wote mnajua.

Haya, nionyesheni mahali nilipowaambia.