Ghala Jeupe la Sultani Hashil

Hapo zamani, katika zama ambazo masultani walikuwa wengi na wa kuwaambia kweli walikuwa haba, palikuwa na mji uitwao Kitongani, na mtawala wake alikuwa Sultani Hashil. Sultani huyu alipenda weupe kuliko kitu chochote. Kanzu yake nyeupe, farasi wake mweupe, hata mchele wake ulichambuliwa punje kwa punje usije ukaonekana una doa. Kazi ya kutawala aliifanya pia, akipata nafasi.

Basi katika mji huo alikaa maskini mmoja jina lake Machano, mtu asiye na kitu ila mke, jembe, na ulimi usiojua kulala. Watu walimwita punguani, naye hakukataa, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba punguani husamehewa maneno ambayo mwenye akili hukatwa kichwa kwayo. Mkewe, Bi Mwanakombo, alikuwa na mali moja tu aliyorithi kwa mama yake, nayo ni mbegu ya mtama mwekundu. Kila mavuno aliteua masuke yaliyo bora, akayafunga shada kwa fundo la kwao, akayatundika jikoni juu ya mafiga, yakapigwa na moshi hata yakawa meusi kama chungu. Ndivyo walivyofanya wanawake wote wa Kitongani, kila nyumba na mbegu yake na fundo lake, wa mtama kwa mtama, wa mahindi kwa mahindi. Mvua ikianguka, mbegu hushushwa, hupukuswa, hupandwa. Hapana aliyepata kulala njaa kwa sababu ya masizi.

Ikawa siku moja, kwa bahati mbaya ya wote, Sultani alichungulia jiko la mtu.

"Ewe Waziri, vile vyeusi vinavyoning'inia ni nini?"

Waziri Jabiri, ambaye hakupata kuingia jikoni tangu alipoachishwa ziwa, akajibu upesi, "Bwana wangu, hiyo ndiyo mbegu ya raia zako. Watu hawa hawana ustaarabu, wanaitesa kwa moshi."

Sultani akahuzunika sana. Ikapigwa mbiu kwamba kila nyumba ilete mbegu yake yote, wala isibaki hata punje. Waziri akajenga ghala la mawe, akalipaka chokaa mpaka macho yakauma kulitazama, akaliwekea matundu chini ya kuta ili mbegu ifukizwe udi siku za sikukuu. Mashada yakapanguswa masizi kwa vitambaa vya hariri. Na pale langoni mwa jumba la Sultani akajenga kighala kidogo cha mfano, nacho cheupe, akatia mashada machache ya kuwaonyesha wageni. Ustaarabu ukawa umefika.

Machano alipokuwa akikabidhi shada la mkewe, akauliza kwa adabu, "Waziri wetu, na wadudu fukusi wala nafaka nao wamepigiwa mbiu wasije?"

Watu wakacheka, na kicheko kikafika kwa Sultani kabla ya Machano kufika nyumbani. Akaitwa.

"Nimesikia wewe wajua kuhifadhi mbegu kunishinda mimi."

"Hasha, bwana wangu. Mimi sijui. Ajuaye ni mke wangu."

"Basi tangu leo wewe ndiwe mlinzi wa ghala. Sikia amri yangu: asiingie mtu, isitoke punje. Masika yakifika tutafungua, na mbegu ikiwa imebunguliwa, kichwa chako ni halali yangu."

Ndivyo wafanyavyo wakubwa. Sifa ya jengo ikawa ya Waziri, na fukusi wakawa wa Machano.

"Nimesikia na kutii," akasema Machano. "Na njaa ikinishika, bwana wangu, niende nyumbani kula?"

"Usibanduke! Upike hapo hapo ukutani, ulale hapo hapo."

"Kwa amri ya bwana wangu." Akainama sana, uso wake usionekane.

Lakini alipofika ghalani hofu ilimshika kweli, maana shingo ni moja. Akatega sikio ukutani, akasikia ndani kitu kinatafuna, kwaru, kwaru, taratibu, kama mwenye nyumba asiye na haraka. Bi Mwanakombo akaja na chungu kichwani na machozi machoni.

"Mbegu ya mama yangu inaliwa, mume wangu, na wewe utachinjwa kwa ajili yake. Tutapanda nini?"

"Usilie, mke wangu. Niletee mafiga matatu, na makumbi mabichi ya nazi."

"Makumbi mabichi hayawaki. Yanafuka tu."

"Hayo hayo."

Basi akaweka mafiga mbele ya tundu la ukuta, upande utokao upepo, akapika muhogo wake. Sultani alikuwa amekwisha kusafiri kwenda kumtembelea Sultani Mbaruku wa nchi jirani, kumsimulia habari za ghala, na Waziri alifuatana naye ili asimulie yale ambayo Sultani angeyasahau. Hapakuwa na wa kukataza. Wanawake wa mji walipoona, kila mmoja akaja na mafiga yake na chungu chake, wakalizunguka ghala, wakapika kiangazi kizima, wakitukanana na kupatana na kuonjeshana mchuzi. Moshi ukaingia kwa matundu ya udi kama aliyealikwa.

Mawingu ya masika yalipokusanyika, Sultani akarudi pamoja na Sultani Mbaruku, aliyetaka kuona maajabu kwa macho yake. Wakakuta mahali pa ghala jeupe pamesimama kitu cheusi tititi.

"Machano!" Sultani akapiga ukelele. "Nani ameliharibu ghala langu?"

"Halikuharibika, bwana wangu, limepikiwa. Uliamuru nipike hapa ukutani."

"Na moshi umeingia ndani!"

"Uliamuru asiingie mtu. Nilimwuliza moshi jina la baba yake, akakosa la kusema, nikajua si mtu. Uliamuru isitoke punje. Niliwaona fukusi wakitoka wanakohoa, nikawatazama mmoja mmoja, wala hapana aliyekuwa punje. Nikawaacha wende zao."

"Akatwe kichwa!" akasema Waziri.

"Kwanza tuione mbegu," akasema Sultani Mbaruku. "Kichwa hakiozi upesi."

Mlango ukafunguliwa. Mashada yalikuwa meusi, nayo mazima. Bi Mwanakombo akatambua fundo lake, akapukusa punje moja ya mtama, akaiuma, nayo ikalia katika meno, ngumu kama kokoto. Akalia mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

Waziri hakukubali. "Ingekuwa bora zaidi lau isingetiwa moshi! Tazameni ile ya mfano, haikuguswa na mtu!" Akawaongoza mwenyewe mpaka langoni, akafungua kighala kwa mikono miwili. Likamwagika vumbi la unga juu ya kilemba chake, na fukusi wanono wakatembea juu ya kanzu ya Sultani, bila wasiwasi, kama watu waliokuwa wakila kwa ruhusa.

Sultani Mbaruku akacheka hata akamshika farasi asianguke. Sultani Hashil akatazama vumbi, akatazama mawingu, na aibu ikampanda mpaka masikioni, maana alifahamu kwamba, lau si moshi, mwaka ule angebaki anatawala makaburi, meupe kweli kweli. Mwisho naye akacheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya jingine.

Akaamuru kila mwanamke achukue shada lake kwa fundo lake alirudishe jikoni kwake, na Waziri Jabiri azunguke majikoni akipuliza moto mpaka mavuno, apate elimu.

"Nawe Machano, omba utakalo."

"Nina kichwa, bwana wangu. Chanitosha."

Lakini Sultani akampa kwa nguvu kanzu mpya ya bafta, nyeupe pe, iliyokuwa sandukuni mwake. Machano akashukuru, akaenda nayo nyumbani, na Bi Mwanakombo akaitundika juu ya mafiga karibu na shada la mtama.

Mwaka ule nondo waliingia mjini hata jumbani, wakazila kanzu zote, na za Sultani pia. Siku ya Idi mtu mmoja tu katika Kitongani alivaa kanzu isiyo na tundu, nayo ilikuwa nyeusi.

Hekaya yangu imeiva. Ukiisikia inanuka moshi, ndiyo maana haijaoza.