Nyayo Zisizoyeyuka

Paukwa, wanangu!
Pakawa!
Pakawa nini?
Mlima!
Na juu ya mlima yuko nani?
Tuambie wewe!

Basi sogeeni karibu niwaambie. Na ukisikia kitu kinaimba karibu na sikio lako, tulia kwanza. Sikiliza kinauliza nini.

Hapo zamani za kale palikuwa na mlima mrefu. Chini yake palikuwa na joto. Katikati palikuwa na msitu. Juu palikuwa na majani mafupi na miamba, na huko juu ndiko walikokaa wanyama wa hadithi yetu.

Mlima huo ulikuwa na mlinzi, jina lake Mzee Baridi. Hakuna aliyewahi kumwona uso. Alikuja alfajiri, akauzunguka mlima kimya kimya, akaondoka kabla jua halijachomoza. Lakini aliacha nyayo. Kila alipokanyaga, majani yaligeuka meupe, yakavaa chembechembe zile ziitwazo sakitu. Jua lilipopanda, nyayo ziliyeyuka zikawa maji. Ukiuliza, "Mlinzi amepita?" waliokuzunguka walijibu, "Amepita. Tazama majani."

Alikuwa akiwalinda na nani? Huko chini kwenye joto aliishi mmoja mwenye mbawa, mdogo kuliko punje ya mtama. Watu wa bondeni walimwita Mbu. Wanyama wa mlimani waliogopa hata kulitaja jina hilo, wakamwita Mwimbaji. Kila magharibi alipanda mpaka ukingo wa msitu, akapiga hodi:

"Hodiii, hodiii,
mlinzi yupooo?"

Mzee Baridi hakujibu neno. Lakini Mwimbaji alipoigusa ile hewa yake, mbawa zilikufa ganzi, akarudi alikotoka.

Katikati ya miamba aliishi Mama Pimbi na mwanawe mmoja, Kokoto. Mama Pimbi alikuwa na desturi aliyorithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Kila kipupwe kilipoanza, alizifuata nyayo nyeupe kuteremka mlima mpaka unyayo wa mwisho kabisa, na pale zilipoishia aliweka jiwe. Mwaka huu jiwe, mwaka ujao jiwe. Mawe yote ya mama yake na ya bibi yake yalikaa mahali pamoja, kando ya kijito, kama kuku waliolala.

Sasa, siku moja warina asali walipita msituni, wakaacha kaa la moto. Nyani akaliokota. Akachoma kiazi mwitu, akaonja.

"Aa! Kumbe tulikuwa tunakula udongo!"

Harufu ikapanda mlimani. Wanyama wakaja mmoja mmoja. Nyati, mkubwa wao, akala kimoja, akala cha pili, akala cha tatu, akalala hapo hapo. Mama Pimbi naye alikula, wanangu, nisiwafiche. Alikula na akamchukulia Kokoto.

Moto mmoja ukawa mitatu. Mitatu ikawa kumi. Miti ikakatwa, na mioto haikuzimwa asubuhi wala jioni. Moshi ukatanda juu ya mlima kama blanketi.

Mwaka wa kwanza wa mioto, Mama Pimbi aliteremka na jiwe lake. Nyayo ziliishia juu kidogo ya kijito. Akatazama mawe ya mama yake kule chini. Majani yaliyoyazunguka yalikuwa makavu. Akaliweka jiwe lake peke yake, akarudi. Na jioni ile wimbo ulisikika ukitokea kijitoni:

"Hodiii, hodiii,
mlinzi yupooo?"

Mwaka wa pili nyayo ziliishia kwenye mwamba mkubwa, nusu ya njia. Na jioni wimbo ulitokea kwenye mwamba mkubwa.

Mama Pimbi akahama, yeye na mwanawe, wakapanda pango la juu. Joto likawafuata. Wakahama tena. Juu yao likabaki pango moja tu. Baada ya hapo hakuna tena mlima, kuna mbingu, na pimbi hajui kuruka. Ndipo akaomba baraza.

"Mzee Nyati, na nyote jamaa," alisema. "Mlinzi wetu anaondoka. Kila mwaka nyayo zake zinaishia juu zaidi. Baridi hakai pamoja na moto. Tukiupunguza moto, huenda akarudi. Tusipoupunguza, yule wa chini atafika, na mimi sina pa kumpeleka mwanangu."

Nyani akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Kokoto, nani hajui habari zako? Siku ya kugawiwa mikia ulituma watu wakuletee, ukakosa. Mkia wako mwenyewe ulikushinda kuufuata, utaweza kufuata nyayo za Baridi?"

Wanyama wakaangua kicheko. Chozi, ndege mdogo anyonyaye maua, akaruka juu ya kichaka.

"Wewe mwenye mkia, mbona huifuniki hiyo sehemu yako nyekundu?" alimwambia Nyani. "Sikilizeni. Maua yangu yamechanua miezi miwili kabla ya wakati wake. Nilipofika yalikwisha kunyauka. Watoto wangu wamelala njaa. Hilo nalo ni mkia?"

"Maua huchanua yakitaka," alisema Nyani. "Na mawe husukumwa na mvua. Na leo asubuhi mimi nimepiga chafya mara tatu. Chafya ya nini, kama si ya baridi?"

Nyati akakuna shingo. "Kinyonga, wewe una macho yanayotazama kila upande. Unaonaje?"

Kinyonga akazungusha jicho moja, akazungusha la pili.

"Kwa jicho hili naona nyayo zimepungua," alisema. "Kwa jicho hili naona viazi. Tungoje mwaka mmoja tuone."

"Amesema vyema," alisema Nyati, na mate yalikuwa yakimtoka. "Tungoje mwaka mmoja."

Wakangoja. Siku zile mlima ulikuwa na kimya cha ajabu. Adhuhuri usingesikia ndege. Vyura wa vidimbwi vya juu walinyamaza mmoja mmoja, na hakuna aliyejua walikwenda wapi. Wakati mwingine upepo ulikoma ghafla, na wanyama walisimama wakageuza shingo zote upande wa chini, kama walioitwa. Halafu waliona haya, wakarudi kwenye viazi.

Kipupwe cha tatu kikafika. Mama Pimbi alitoka alfajiri na jiwe lake. Akatafuta. Hakuona unyayo hata mmoja. Akapanda mpaka kileleni, hakuna. Akarudi amelishika jiwe mkononi, hajui pa kuliweka.

Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu ndiyo hakutazamia tena. Lakini kulipopambazuka akasikia vigelegele.

"Tokeni mwone! Mlinzi amerudi!"

Wanyama wakatoka. Mlima wote ulikuwa na nyayo nyeupe! Zilipita kwenye miamba, zikapita mwamba mkubwa, zikateremka mpaka kijitoni, mpaka chini ya kijito ambako Mzee Baridi hakuwahi kufika hata enzi za mabibi. Nyani alikuwa akirukaruka, mwanawe mdogo amemng'ang'ania mgongoni.

"Iko wapi hofu yako, Mama Kokoto? Hebu hesabu sasa! Mawe yako yatatosha?"

Nyati akatoa amri. "Mawe ya Pimbi yaondolewe. Yametusumbua vya kutosha. Na moto uongezwe, tufanye karamu."

Wanyama wakayasukuma mawe yakaporomoka bondeni, ya mama na ya bibi pamoja. Mama Pimbi alisimama akatazama. Hakuwazuia, kwani hata yeye aliziona nyayo, na moyo wake ulitaka sana ziwe za kweli.

Jua likapanda. Kokoto alikuwa akicheza nje ya pango. Mara akaita.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Mbona hazilowani?"

Mama Pimbi akatoka. Jua lilikuwa kali. Nyayo zilikuwa nyeupe pe, kama alfajiri. Akagusa moja. Ilikuwa na joto. Akailamba. Ilikuwa chungu.

Hakupiga kelele. Alikwenda mpaka penye karamu, akasimama mbele ya Nyati.

"Mzee wangu, leo sina la kubishana. Naomba moja tu. Njooni tukae pamoja kando ya nyayo hizi, tungoje jua lifike utosini. Basi."

"Kukaa tu?" aliuliza Nyati.

"Kukaa tu."

"Upuuzi!" alisema Nyani haraka. "Viazi vitaungua."

Lakini Nyati alikuwa ameshiba, na mwenye shibe hukataa kukimbia, hakatai kukaa. Wakaenda wote. Wakakaa duara, wakazitazama nyayo.

Jua likapanda. Nyayo nyeupe.

Jua likapanda zaidi. Nyayo nyeupe.

Jua likafika utosini, mawe yakachoma miguu, vivuli vikaingia chini ya matumbo ya wanyama. Nyayo zilikuwa nyeupe vilevile, hazina tone la maji. Kinyonga aliyageuza macho yake yote mawili mahali pamoja, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Kisha upepo mdogo ukavuma, na nyayo zikapeperuka.

"Majivu," alinong'ona Chozi.

Ndipo, adhuhuri mchana kweupe, wakaisikia sauti. Haikutoka kijitoni. Haikutoka kwenye mwamba mkubwa. Ilitoka hapo hapo, katikati ya duara lao.

"Hodiii, hodiii,
mlinzi yupooo?"

Wanyama wakasogeleana.

Mwana wa Nyani akaanza kutetemeka mgongoni kwa baba yake. Meno yakamgongana, ka-ka-ka-ka.

"Mnaona?" alisema Nyani kwa sauti iliyopasuka. "Mtoto anasikia baridi! Baridi ipo! Mtazameni, anatetemeka!"

Mama Pimbi akamsogelea, akamwekea mtoto mkono kwenye paji la uso, akauondoa upesi.

"Bwana Nyani, mwanao anaungua. Baridi yote iliyobaki mlimani imo ndani ya mwili wa huyu mtoto. Ulimpeleka wapi?"

Nyani akakaa chini. Akamshusha mtoto, akampakata.

"Nilimbeba," alisema. "Siku tatu nilishuka naye nikiikagua njia, na jana usiku nikamwaga majivu, mpaka chini ya kijito. Nilisikia wimbo. Nikasema ni masikio yangu. Mlikuwa mnaanza kuogopa, jamaa zangu. Mngeuzima moto. Bila moto, mimi ni nani? Ni Nyani tu, kama zamani."

Nyati akainama. "Si wewe peke yako," alisema. "Sisi tuliopenda viazi, tulipenda na maneno yako."

Siku ile mioto ikazimwa, mmoja baada ya mwingine. Ukabaki mmoja wa kumpashia maji mtoto. Mama Pimbi alichuma majani machungu, akayatwanga, akamnywesha mwenyewe kwa mkono wake. Mtoto hakufa. Lakini tangu hapo, kila mwezi ukiandama, alitetemeka siku tatu, na baba yake alimpakata siku tatu, akisikiliza meno yale, ka-ka-ka-ka.

Mnadhani Mzee Baridi alirudi kesho yake? Hakurudi. Aliyeondoka polepole hurudi polepole. Kipupwe kilichofuata wanyama waliamka alfajiri wote, wakatafuta, wakakosa. Kilichofuata, wakatafuta, wakakosa. Nyani ndiye aliyetangulia kutafuta na wa mwisho kurudi. Kokoto alikua, akahamia na mama yake lile pango la mwisho, nao waliusikia wimbo kila jioni, wakaziba mlango kwa majani.

Kipupwe cha tatu, Nyani alikuja mbio.

"Mama Kokoto! Njoo! Njooni wote!"

Kileleni kabisa, nyuma ya jiwe, palikuwa na unyayo mmoja mweupe, mdogo kama ukucha. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wamekwisha kujifunza. Walikaa duara, wakaungoja jua.

Jua likachomoza. Likapanda. Ule weupe ukang'aa, ukatetemeka, ukawa tone la maji, na tone likateremka juu ya jani.

Umeyeyuka!

Ndipo vigelegele vilipopigwa mlima mzima. Nyati alilia kama ndama. Nyani alishuka bondeni, akatafuta siku nzima, akarudi amebeba jiwe moja la bibi yake Pimbi, akaliweka pale penye tone.

Basi, wanangu, mafunzo ni haya. Neno si kweli kwa kuwa linatupendeza, wala si uongo kwa kuwa linatutisha. Anayekuletea habari mbaya, kabla hujamcheka, kaa naye ungoje jua. Na usichelewe kukaa, kwani aulizaye hodi hachoki kuuliza.

Mie nilipita mlima ule. Nilimwona Mama Pimbi amekaa juu ya jiwe lake, anatazama chini. Nikamwuliza, "Mawe yameanza kuteremka?" Akaniambia, "Hatua moja." Nikamwachia hatua yake, nikawaletea ninyi hadithi. Imeishia hapa. Ukiipenda ibebe, ukiichoka iweke kando ya njia, mwenzio ataiokota.