Mwiko Mmoja na Harusi ya Binti Kindi

"Shauri la Dharura Kuhusu Ushikaji, Uachiaji na Usimamizi wa Mwiko wa Jumuiya, Likisomwa Pamoja na Kanuni ya Sufuria." Hilo ndilo jina kamili la jambo hili, na muhuri wake ulikuwa mpana kuliko mwiko wenyewe.

Haya, nyinyi mnaojifunza kuandika programu, zifungeni hizo kompyuta mnisikilize. Zamani sana, wanyama walipokuwa na majiko, wakwe na kamati kama sisi, mtaa mzima wa mwituni ulikuwa na sufuria moja ya shughuli, kubwa kama banda la kuku, na mwiko mmoja mrefu kama kasia. Wapishi walikuwa wawili: Mzee Tembo, bingwa wa pilau, na Bwana Kifaru, bingwa wa biriani.

Mwanzoni walipika pamoja bila kanuni yoyote. Siku ya harusi ya Twiga, Tembo alionja mchuzi upande huu wa sufuria, na Kifaru akaonja upande ule, wakati uleule.

"Chumvi haitoshi," Tembo akajisemea. Pwaa! Akamwaga mkonga mzima.

"Chumvi haitoshi," Kifaru naye akajisemea. Pwaa! Akamwaga pakacha zima.

Kila mmoja alikuwa sahihi alipoonja. Lakini wageni walikunywa maji mpaka bwawa likakauka, na Kiboko akakosa pa kulala.

Kamati ikakaa. Katibu Fisi, muhuri ukining'inia shingoni, akatangaza kanuni: "Aliyeshika chombo, asiguswe! Na asikiachie mpaka amalize kupika!"

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa kanuni nzuri, ila ilikuwa nusu.

Nusu iliyokosekana iligundulika siku Bi Kindi alipomwoza bintiye Zamoyoni kwa kijana wa ukoo wa Nguchiro. Kindi alikuwa mdogo wa kuenea ndani ya kofia, lakini harusi aliitaka kubwa: akaagiza pilau na biriani.

Asubuhi Tembo akaingia uani kwa mlango wa mbele, puu! puu! akaikumbatia sufuria. Kifaru akaingia kwa mlango wa nyuma, kishindo juu ya kishindo, akaunyakua mwiko.

"Lete mwiko," akasema Tembo.

"Lete sufuria," akasema Kifaru.

"Siwezi. Nimeshika, sijapika."

"Na mimi nimeshika, sijapika."

"Basi nakusubiri uachie."

"Mimi ndiye ninayekusubiri wewe, mzee wangu."

Wakasubiriana. Moto ukalia ta! ta! ta! chini ya hewa tupu.

"Jamani, mmoja wenu aachie!" akalia Bi Kindi.

"Kanuni!" wakajibu wote wawili, kwa sauti moja. Hilo peke yake ndilo walilofanya pamoja asubuhi ile.

Mara akatokea Mama Nguchiro, mama yake bwana harusi, kamshika mwanawe mkono. Akachungulia jikoni, akakunja pua.

"Bi Kindi, sisi kwetu hatuoi penye sufuria kavu. Jua likifika utosini sijasikia harufu ya kitunguu, naondoka na mwanangu."

Huko ndani Zamoyoni, hina haijamkauka mikononi, akaangua kilio. Kwiii! Kwiii!

Katibu Fisi akakohoa kikatibu. "Nimeliona tatizo. Ni uhaba wa nguvukazi. Tuongeze wapishi!"

Wakaletwa Nyati na Kiboko. Nyati akapanga foleni nyuma ya Tembo kuisubiri sufuria, Kiboko akapanga nyuma ya Kifaru kuusubiri mwiko. Sasa waliosubiri walikuwa wanne badala ya wawili, na hao wapya, kupitisha muda, wakaanza kutafuna vitunguu vibichi. Kachu, kachu, kachu.

"Tumwite na Nyumbu?" akauliza Fisi.

"Katibu, ukimwita na Nyumbu, hata kuni zitaliwa," akasema Bi Kindi.

Mnacheka? Na nyinyi programu ikiganda, si mnaomba mnunuliwe kompyuta kubwa zaidi?

Kindi akakaa juu ya kinu akatazama. Nguvu zilikuwepo za kumwaga. Shida ni kwamba mmoja alianzia kwenye sufuria na mwingine kwenye mwiko. Wangeanza wote na sufuria, ambaye angeikosa angebaki mikono mitupu, hana cha kumzuilia mwenzake. Lakini nani amwambie Kifaru aachie? Afadhali umwombe pembe.

Chapu chapu, Kindi akapanda mgongoni mwa Kifaru mpaka sikioni.

"Shikamoo, Bwana Kifaru."

"Marahaba. Sema haraka, nina kazi."

"Kazi gani, baba?"

"Kusubiri."

"Sikucheleweshi. Hivi mikutano ya Kamati, mgeni rasmi hufika wakati gani?"

"Mwisho, bila shaka! Wadogo hutangulia kupanga viti."

"Na akifika, huwa amebeba chombo?"

"Mgeni rasmi? Abebe nini zaidi ya tumbo lake?"

"Ndiyo maana nimeona haya kukwambia. Wageni wanaulizana huko nje: yule aliyewahi tangu alfajiri na mwiko mkononi, ni mtumishi wa nani?"

Masikio ya Kifaru yakatikisika, papa papa! "Mtumishi? Mimi?"

"Hawakujui, baba. Wangekuona umeketi kivulini mikono mitupu, wangejua. Wa kwanza ahangaike, atoke jasho, amalize. Halafu sufuria ndiyo ikufuate wewe, imeoshwa, na mwiko umelala ndani yake kama fimbo ya sultani."

Kifaru akautazama mwiko kana kwamba umempaka masizi. Akauweka chini. Pwata!

"Nitafutiwe kiti," akasema. "Na Tembo asinikimbize."

Kindi akauburuta mwiko, kwararara, hadi miguuni mwa Tembo.

"Mzee Tembo, wamekubali. Wakubwa hutangulia."

"Ulitegemea nini?" akasema Tembo. "Foleni yoyote, mkubwa hutangulizwa."

Vitunguu vikaingia, shwaaa! Fisi akaja mbio na konzi ya chumvi, Nyati na konzi yake.

"Ondokeni na chumvi zenu!" akafoka Kindi. "Kila mtu achotewe kwenye bakuli lake, aonje, amwambie Mzee. Ndani ya sufuria unaingia mkono mmoja tu."

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Mama Nguchiro alikuwa ameshafika langoni na mwanawe. Pua yake ikacheza. Ikacheza tena.

"Mwanangu," akasema, "rudi ukakae."

Vigelegele! Zamoyoni akafuta machozi kwa kiwiko, maana hina.

Pilau ilipopakuliwa, sufuria ikaoshwa, mwiko ukalazwa ndani, na vyote vikapelekwa kivulini. Kifaru akainuka taratibu, akapungia umati kwa pembe, akapika biriani ambayo mpaka Kiboko aliomba aongezewe.

Wakati wa kula, wapishi walikaa bega kwa bega.

"Huyu Kindi ana adabu," akasema Tembo. "Aliniambia wakubwa hutangulia."

Kifaru akaacha kutafuna. "Nini? Mimi aliniambia wakubwa huja mwisho!"

Wakageuka wote. Kindi alikuwa juu ya nguzo ya turubai, mkia umesimama.

"Wazee wangu!" akaita. "Nani kati yenu hajapika?"

Wakafikiri. "Mimi nimepika," akasema Tembo. "Nami nimepika," akasema Kifaru.

"Basi kuleni."

Wakala. Jioni Fisi akagonga muhuri, ga! kwenye kanuni mpya: kila mpishi aanze na sufuria ndipo ashike mwiko, na aliyekosa sufuria asiuguse mwiko.

Fundisho ni moja, wanangu: vitu vya kushirikiana vichukueni nyote kwa mpangilio mmoja.

Taarifa ya Kamati inasema mgogoro ulimalizwa kwa uongozi imara wa Katibu. Kilichotokea ni kwamba Kifaru aliweka mwiko chini.