Kizimba cha Kona, Soko la Kitopeni

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye karanga, acha kutafuna nisikike. Nina kesi, hakimu sina.

Jimbo la Kitopeni, pembezoni mwa jiji, lina pande mbili. Juu kuna nyumba za mageti na mbwa wakali. Bondeni kuna vyumba vya kupanga na soko letu. Mheshimiwa Mgaza alilishika jimbo, mbunge wetu, miaka ishirini. Mwaka ule wa uchaguzi akatangaza bila haya kwamba akishinda tena, soko linavunjwa, inajengwa hoteli. "Mtanifanya nini?" Akawasahau wanawake watatu wa sokoni: Havijawa mwenye kumbukumbu, Nyamizi mwenye mdomo, na Ndeshi mkaidi kupindukia.

Havijawa anauza samaki, na hamsahau mteja. Akawaambia wenzake, "Mnadhani Mgaza anapendwa? Wapi! Huku bondeni tunagawana kura nusu kwa nusu. Watu wa mageti wamejiandikisha, ila siku ya kura wanalala." Akawatajia nyumba zao moja moja, mitaa sita.

Nyamizi akapanda huko na tenga lake la mchicha. Geti la kwanza wakamfungulia mbwa. Hakurudi nyuma. Kwenye geti la pili akamwambia mwenye nyumba, "Mama, mchicha wangu unaula kila siku. Soko likivunjwa, utapika maua ya bustani?" Yule mama akacheka, akafungua. Siku ya kura watu wa mageti wakaja na miwani yao ya jua, wakapanga foleni kama sisi.

Ndeshi, fundi cherehani, alikuwa wakala wa Bi Mkwizu, mpinzani wa Mgaza. Kura zilipoanza kuhesabiwa, ikaletwa pilau ya Mgaza, ikapakuliwa uani. Ndiyo desturi ya watu wake, ili mawakala watoke. Wakatoka wote, isipokuwa Ndeshi. Tangu alfajiri hajatia kitu tumboni, lakini akasema, "Nimeshiba!" Mara msimamizi akasogeza kitita cha kura hamsini za Mkwizu upande wa Mgaza. "Rudisha! Rudisha hapo!" Alipiga kelele mpaka watu wakajaa madirishani. Kitita kikarudi.

Mgaza akaanguka kwa kura arobaini. Soko likapona.

Sasa sokoni kuna kizimba kimoja cha kuuzia, cha kona, kinatazama barabara; ukikaa pale, adhuhuri umemaliza mzigo. Tukakubaliana apewe aliyeliokoa soko. Bi Mkwizu akaja na msafara: "Nimeamua, apewe Nyamizi."

Nyamizi mwenyewe akamkatiza. "Mheshimiwa, tulikupa ubunge. Soko hatukukupa. Wataamua wenye soko." Vigelegele hivyo! Mbunge akapanda gari lake.

Lakini kizimba bado kitupu, na wote watatu wanakitaka waziwazi.

"Bila mimi Nyamizi angegonga geti gani?" anasema Havijawa.

"Bila mimi hizo kura zingetoka wapi?" anajibu Nyamizi.

"Bila mimi zingeliwa pamoja na pilau," anasema Ndeshi.

Haya, wewe. Usimtazame jirani. Ungempa nani, na hao wawili wengine ungewaambia nini usoni?